Nilivyochelewa Kufika Nyansiongo

Wenzangu wa maombi ya Jumatano, mmeniuliza mara nyingi safari yangu ilikuwaje, na mara zote nimewajibu, "Mungu alitenda." Mkasema amina, mkanipiga mabega, chai ikaletwa. Kwamba Mungu alitenda sikatai. Mimi ndiye sikutenda. Nimeona niwaandikie hatua kwa hatua, maana nikisimama kuwasimulia najijua, nitaanza kuhubiri.

Kutoka Kisii mjini mpaka Nyansiongo ni mwendo wa saa mbili, na mvua ikifanya ukorofi ni tatu. Mimi niliondoka Ijumaa mchana nikafika Jumapili.

Kisii mpaka Kiogoro

Mnakumbuka mlivyoniwekea mikono. Niliwaambia kuna ukweli naenda kuusema Nyansiongo, nilikofundisha zamani, na kwamba ni ukweli mgumu. Hamkuniuliza ni upi, nami nilishukuru kwamba hamkuuliza. Dada mmoja alisema wanaume wa aina yangu wamebaki wachache. Maneno hayo nililala nayo siku mbili.

Ukweli wenyewe ni huu. Miaka minane iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa kule, na nilikodi kipande cha chai kilichopakana na shamba la mama mmoja aitwaye Kerubo, shemasi wetu. Sabato moja, Jumamosi jioni, jua likiwa bado na kama saa nzima kabla ya kuzama na Sabato kwisha, niliingia kwenye chai yangu nikaanza kuchuma. Majani yalikuwa yamekomaa, lori la kukusanya majani lingepita jioni hiyo, na nilijiambia saa moja si kitu. Kerubo alikuwa akitoka kwenye mkutano wa alasiri. Akanikuta. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, jua bado."

Kabla sijajibu tulisikia kwaya inakuja na njia ile ile, wanacheka. Wiki iliyofuata kanisa lilikuwa linachagua mzee kiongozi, na jina langu ndilo lililokuwa midomoni mwa watu. Kerubo alilijua hilo. Alinivua kikapu mgongoni, akakivaa yeye, akatoka nacho haraka akikimbilia jikoni kwake akakifiche. Mimi nilichuchumaa katikati ya michai. Kwaya wakamkuta njiani, shemasi, siku ya Sabato, na kikapu cha majani mabichi mgongoni.

Kwenye baraza la kanisa aliulizwa kikapu ni cha nani. Akasema, "Mwenyewe atasema." Kisha akangoja. Nami nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka dirishani, nikingoja vilevile, kana kwamba mwenyewe yuko njiani. Ilipopigwa kura ya kumfuta ushirika, niliinua mkono.

Tangu siku ile Kerubo hakuingia tena kanisani. Wazee walimwambia atubu tu, abatizwe upya, yaishe. Akasema hawezi kutubu dhambi ya mtu mwingine, na kwamba ataingia siku mwenye kikapu atakapojitaja. Mimi nilihamishiwa Kisii, nikawajua ninyi, mkanipenda. Kisha wiki ile ya safari simu ikalia. Kerubo hakunisalimia sana. Alisema, "Mwalimu, mimi sijawahi kukuomba kitu. Sasa ni mama anaomba. Sabato hii ni Meza ya Bwana, na anataka nimwoshe miguu yeye kabla hajatuacha."

Kwa wale wa kikundi wasiokuwa Wasabato: sisi kabla ya Meza ya Bwana tunaoshana miguu, wawili wawili, kwa beseni na taulo, kila baada ya miezi mitatu. Mama yake Kerubo, Mama Moraa, umri wake hata yeye haujui vizuri. Miaka minane yote miguu yake imeoshwa na watu wengine. Nilimwambia Kerubo, "Nitakuja Ijumaa. Nitaongea na wazee jioni hiyo hiyo, Sabato asubuhi uingie." Akasema atapiga pasi gauni lake jeupe.

Basi Ijumaa, baada ya swala ya mchana, niliondoka kwa gari la Salim, yule mfanyabiashara wa vitambaa ambaye duka lake linatazamana na msikiti. Njia ya kawaida ya kwenda Nyansiongo ni ya Keroka. Salim alikuwa anaenda Nyamira, upande mwingine, na kwanza alikuwa na mzigo wa kushusha Kiogoro. Nilisema nitaandamana naye ili nipate mtu wa kuzungumza naye. Mkiona mtu anayeenda kusema ukweli anachagua njia ya kuzunguka, mjue.

Kiogoro mpaka Sironga

Kiogoro mvua ilitukuta, ile ya saa tisa ambayo haikosi. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeisha upepo, tukajibanza kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na ndizi za kuchemsha. Salim alikula sahani mbili. Mimi nilikunywa chai tu, nikajisifu moyoni kwamba nimefunga, ingawa sikuwa nimefunga.

"Mwalimu," Salim akasema, "huyo mama wa Nyansiongo uliyenitajia njiani, ulimkosea nini hasa?"

"Palikuwa na kutoelewana. Mambo ya kikapu."

"Kikapu cha sadaka?"

"Cha chai."

Aliniangalia, ndizi mkononi. "Cha chai tu? Sasa si umpigie huyo mzee wa kanisa saa hii, umwambie ni changu, uendelee na maisha? Shika simu yangu kama yako haina pesa."

Nikamwambia mambo ya kanisa hayasemwi kwa simu. Yanataka uso kwa uso.

"Kumbe ukweli wenu unapanda gari," akasema, na yule mama wa kibanda akacheka mpaka akaweka birika chini. Nilikasirika. Nilijiambia huyu hajui uzito wa mambo yetu. Lakini mtu huyu huyu nimemwona mara ngapi akifunga duka wateja wakiwa wamejaa, eti adhana imelia, na hata haangalii nyuma kuona nani amenuna. Mimi siku ile ya baraza niliangalia nyuso kumi na moja, moja baada ya nyingine.

Mvua ilipungua, gurudumu likabadilishwa. Hapo Kiogoro ningeweza kushuka nikatafuta gari la kupitia Keroka, ningefika mapema. Salim mwenyewe aliniambia. Nikasema mizigo yangu imeshapangwa chini ya vitambaa vyake. Mizigo yangu ilikuwa mfuko mmoja.

Sironga, bila kusonga

Tulifika Sironga kama saa kumi na moja kasorobo. Nilimwomba Salim anishushe nimsalimie Mzee Nyamweya, mzee wa kanisa wa pale, tuliyejuana kwenye makambi ya kanisa. Nilinuia kumsalimia dakika kumi, kisha nichukue pikipiki. Jua lilikuwa bado juu vizuri, saa moja na nusu nzima kabla lizame na Sabato ianze, na pikipiki ingenifikisha.

Nyumba ilikuwa kwenye pilikapilika za Ijumaa. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi na kupangwa ukutani, maji yamechotwa, na mkewe alikuwa ameinjika chungu cha chinsaga tangu asubuhi, mboga ile chungu inayolainika kwa maziwa na subira. Mzee Nyamweya alinishika mkono hakuuachia.

"Mwalimu, unaenda wapi na Sabato imefika mlangoni? Itakukuta njiani."

Sikumwambia kwamba jua bado. Miaka minane nyuma niliambiwa maneno hayo nikayapuuza, na siku hii yalipokuwa ya kweli na yenye faida nikayameza. Nilisema, "Kweli, mzee. Siwezi kuivunja Sabato." Nikavua viatu. Tulifungua Sabato kwa wimbo, watoto wa nyumba wakiimba kwa sauti kubwa kuliko wazazi, nami nikazima simu kama ilivyo desturi yangu. Niliizima kwa furaha, wapendwa. Nikala chinsaga na ugali wa wimbi, nikaongezewa.

Asubuhi, tukiwa tunavaa tai, nilimdokezea mzee kwamba Nyansiongo kuna mtu ananisubiri kwa jambo la kiroho. Hakuniuliza mengi. Aliacha tai ikining'inia, akasema, "Kama ni jambo la kumsaidia mtu, nenda sasa. Kondoo yako ikianguka shimo leo, si utaitoa? Mtoto wa ndugu yangu ako na pikipiki, nitamwambia mimi mwenyewe. Hakuna mtu atakulaumu hapa."

Kwa hiyo kisingizio changu kilivuliwa na mtu mwenye mamlaka, kabla ya saa mbili asubuhi. Nikamjibu, "Acha tu, mzee. Tutaabudu pamoja, nitaenda kesho." Akaniangalia kwa heshima, akidhani ni uchaji. Nami nilimwacha adhani.

Kanisani wageni walisimamishwa. Nikasimama, nikawaletea salamu za Kisii, nikasema maneno mawili matatu ya ziada, mkinijua. Mhubiri aliyepangwa alikuwa na homa. Mzee Nyamweya akaniinamia sikioni. Sikujivunga hata kidogo.

Nilihubiri juu ya ujasiri. Nilisema mwanadamu hamwogopi simba kama anavyowaogopa jirani zake. Nilisema kwamba wengi wetu imani yetu ni kubwa panapokuwa na watu wa kuiona. Nilisema mimi mwenyewe niko safarini kwenda kuusema ukweli mgumu, na sauti ikanitetemeka mahali panapofaa. Kina mama wakaitikia amina mfululizo, na bwana mmoja aliyeketi mbele akatoa leso. Kila nililolisema lilikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kijana wa mitambo alikuwa akinirekodi kwa simu.

Kisha ikatangazwa Meza ya Bwana. Nilikuwa nimejisahaulisha kwamba ni Sabato ile ile kwa makanisa yote. Wanaume tulitoka kwenda darasa la watoto, mabeseni yakapangwa. Yule bwana wa leso akaja kwangu, mzee kuliko mimi, akapiga magoti kwenye sakafu kwa shida, akaniosha miguu. Alinipangusa katikati ya vidole, taratibu. Akasema, "Mwalimu, mimi pia kuna ukweli nimekalia miaka. Umenipa nguvu. Kesho naenda kumwambia ndugu yangu."

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Niliangalia kichwa chake chenye mvi nikajua kwamba saa hiyo hiyo, Nyansiongo, kuna beseni kama hili na ajuza ameketi mbele yake. Bado ningeweza kutoka, pikipiki ilikuwepo. Nikamwambia yule bwana, "Mungu akutangulie." Nikapiga magoti nikamwosha na yeye.

Sironga mpaka Nyansiongo

Jumapili nilipata pikapu ya kukusanya maziwa, dereva wake mtu mzima mwenye kofia ya sufu. Mke wa Mzee Nyamweya aliyenisindikiza stendi alikuwa amemwambia, "Huyu ndiye mhubiri wetu wa jana, umbebe vizuri," na dereva akachukulia kwamba mimi ni mchungaji. Aliniita pasta tangu Sironga. Kila aliponiita nilijiambia nitamrekebisha kwenye kona inayofuata.

Barabara ya kwenda huko ina kona nyingi. Karibu na kufika alipinda kwenye lango la shamba lake, akazima injini.

"Pasta, samahani. Niko na ng'ombe moja, kiwele imefura. Daktari ameshindwa. Weka mkono tu, hata kama ni dakika moja."

Wapendwa, nilimwombea ng'ombe. Niliweka mkono kwenye kiwele chake nikamkemea adui, na mke wa dereva na shemeji zake wamefumba macho kwenye matope. Ng'ombe alinipiga teke la goti, na sikumlaumu. Walinipa mala, yale maziwa ya kuganda, kwenye kikombe kikubwa, nikanywa, nikaitwa pasta mara nyingine sita. Goti linauma hadi leo, na nilipowaambia niliteleza, sikuteleza.

Nyumbani kwa Kerubo

Nilimkuta akikata nyasi za ng'ombe kando ya boma. Amezeeka. Aliponiona alipangusa panga kwenye nyasi, akaliweka chini, akanipa mkono. "Karibu, Mwalimu. Umefika," akasema. Sikusikia hasira humo, na ningependa ingekuwepo.

Sebuleni, kwenye kamba iliyofungwa dirishani, lilining'inia gauni jeupe lililopigwa pasi likiwa bado na mikunjo yake iliyonyooka. Nilikaa nikiwa nimeligeuzia mgongo. Chai ikaletwa, na ndizi. Baadaye nilikuja kuambiwa na jirani jinsi ilivyokuwa: Kerubo alikaa nje ya ua wa kanisa kwenye jiwe tangu asubuhi, amevaa lile gauni, anaangalia barabara ya Keroka. Ndani, kina mama watatu kwa zamu walimfuata Mama Moraa na beseni. Akawakataa wote. Alisema anamsubiri binti yake, kwamba Mwalimu amesema anakuja. Maji yakapoa. Wenzake wakaenda mezani, yeye akabaki na soksi zake mkononi. Alitoka bila kuoshwa na bila kula.

Mama Moraa alikuwa chumba cha pili. Macho yake sasa yanaona mwanga tu. Alisikia sauti ya mgeni akauliza ni nani, kwa Kikisii. Nami nayaandika kwa Kiswahili ili wote mnielewe.

"Ni mimi, mama. Mwalimu Ombati."

Alitoka akipapasa ukuta, akanishika uso kwa mikono miwili. "Mwalimu! Uko mzima? Huna jeraha? Nilimwambia Kerubo, Mwalimu akisema anakuja, anakuja. Lazima amepata ajali. Sikulala. Usiku kucha nilikuombea usiwe umekufa njiani."

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Sikuwa na baraza mbele yangu, wala kwaya, wala uchaguzi wa mzee kiongozi. Palikuwa na ajuza asiyeona na binti yake, na hakuna sifa yoyote ya kupoteza. Nilifungua mdomo.

"Gari liliharibika, mama," nikasema. "Kiogoro. Gurudumu."

"Nilikuambia," akamwambia binti yake, na akacheka kwa faraja, akakaa, akaanza kumshukuru Mungu kwa gurudumu.

Kerubo alikuwa amesimama na birika. Aliniangalia vilevile alivyoniangalia siku ya baraza. Kisha akamwinamia mama yake, akamwongezea chai.

"Ndiyo, mama," akasema. "Magari ya siku hizi."

Kurudi

Alinisindikiza mpaka barabarani, ile ya Keroka. Gari lilichelewa. Nilianza kusema, Kerubo, nisamehe, na alinikatiza kwa ishara ya mkono.

"Mahubiri yako nilisikia jana jioni. Mpwa wangu wa Sironga alinitumia. Nilisikiliza yote, mpaka mahali unasema uko njiani." Alikuwa anaongea polepole, anaangalia upande gari litakakotokea. "Ulihubiri vizuri, Mwalimu. Mama nimemwachia hiyo ya gurudumu kwa sababu alikuwa anafurahi, si kwa sababu yako. Usirudi hapa kuniomba msamaha. Mimi sina shida na wewe. Enda uambie hao wanakusifu."

Hao ndio ninyi.

Jana nilimpigia simu mzee kiongozi wa Nyansiongo. Nilimwambia kikapu kilikuwa changu, na kwamba nilikuwa nimechuchumaa kwenye chai wakati Kerubo anapita, na kwamba mkono wa saba kuinuka ulikuwa wangu. Salim alisema kweli: simu ilichukua dakika nne. Mzee akasema atalipeleka barazani, na kwamba Meza nyingine ni baada ya miezi mitatu. Nikamwuliza Mama Moraa anaendeleaje. Akasema tangu wiki ile hajaamka vizuri, anakula kidogo.

Sijui kama ataifikia Meza hiyo. Nami ninyi nawaombeni jambo moja tu, na naliomba kwa dhati. Mkimaliza kusoma haya, asiwepo hata mmoja wa kunipigia simu kuniambia kwamba kuyaandika kumehitaji ujasiri.